Kisu Alichokiacha Wazi Mzee Spurlock

Nadine alitoka nyumbani jua likizama nyuma ya mlima, maharagwe hayajaiva na mtoto hajaogeshwa. Safari yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe, Doyle, aliyekuwa zamu ya jioni mgodini. Wanaume wengine wa bonde lile walikunywa pombe. Doyle alikusanya visu vya kukunja. Visu vya kale, vya viwanda vya Pennsylvania na New York vilivyokufa kabla baba yake hajazaliwa. Alivipaka mafuta, akavipanga kwenye kabati la kioo sebuleni, akavisikiliza. Ndiyo, alivisikiliza. Kisu kizima, alisema, ukikikunja kinaita *tak*. Kikiita vinginevyo, kina ugonjwa.

"Bibi Oma anahama kesho," alikuwa amemwambia mchana akifunga kamba za buti. "Ameniahidi visu vya marehemu mumewe. Usipoenda leo, kesho yule mchuuzi wa Ohio atakuwa mlangoni."

"Na mtoto ataoshwa na nani?"

"Mtoto haharibiki kwa uchafu wa siku moja, mama Junie."

"Wala visu haviharibiki kwa siku moja."

Alicheka, akambusu utosini, akaondoka. Kwa hiyo Nadine alimpakia Junie kwenye pikapu, mdoli wake mkononi, wakapanda kilima kwenda kwa Bibi Oma Spurlock.

Jikoni kwa Bibi Oma hakukuwa na kitu tena isipokuwa meza, kiti, na masanduku ya karatasi. Furushi la visu lilikuwa tayari, limeviringwa na kufungwa uzi. Lakini katikati ya meza kulikuwa na kisu kimoja, wazi. Mpini wake ulikuwa wa mfupa, wa manjano kama meno ya mvutaji. Kwenye ncha ya ubapa kulikuwa na kitu cheusi kilichokauka, kimejikunja kama sikio la panya.

"Hicho nacho ni chake Doyle," Bibi Oma alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala. "Ansel alikifungua mwenyewe, jioni aliyokufa. Tangu siku hiyo hakijaguswa. Nakula pembeni yake."

Nadine alielewa. Hakuna mtoto wa milima ile asiyelelewa na neno hilo: kisu alichokifungua mwingine, hukikunji. Ukipewa wazi, utarudisha wazi. Aliyefungua ndiye afunge.

"Huko ninakokwenda, kwenye nyumba ya wazee, hawaruhusu kisu," ajuza aliendelea. "Mwambie Doyle akiweke hivyohivyo, kwenye kioo chake. Wazi. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, Bibi."

Alitia furushi kwapani, akakifunika kile kisu kwa kitambaa cha vyombo, akakibeba mbele yake kama mtu aliyebeba panya mfu. Alikiweka kwenye kiti cha gari, akainama kumfunga Junie mkanda. Alipoinua kichwa, kitambaa kilikuwa kimefunuliwa na kidole cha mtoto kilikuwa kinakwenda kwenye makali.

Nadine hakufikiri. Mama hafikiri. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kama unavyokwenda kwenye sufuria ya moto iliyo ukingoni.

Akakikunja.

Hakikuita *tak*. Kilitoa mlio laini, wenye maji... kama mtu anayefumba mdomo akiwa na chakula ndani.

Njia nzima ya kurudi, pikapu ilinuka. Tumbaku ya kutafuna. Mafuta ya nguruwe. Na chini yake harufu nyingine, ya miguu iliyovuliwa soksi baada ya juma zima. Alifungua madirisha yote mawili. Harufu haikutoka.

Asubuhi Doyle alikaa mezani na kisu kile, kijiti cha meno mkononi. Kucha zake ziliteleza. Kisu hakikufunguka.

"Nani alikikunja?"

"Mimi. Ulitaka mwanao arudi na vidole tisa?"

Aliugeuza mpini kwenye mwanga. "Sawa. Lakini angalia mfupa huu. Unatoa jasho."

Ni kweli. Mpini ulikuwa na matone, mazito, ya kijivu. Doyle aliyafuta, yakarudi. Alichokonoa mfereji ule ambamo ubapa hulala, mahali ambapo mifuko ya wanaume huacha uchafu wao wa maisha yote. Ilitoka taka nyeusi yenye kunata kama lami. Zikatoka nywele ngumu za nguruwe. Vikatoka vipande vya kucha za miguu, vya manjano, vinene, vimepinda kama mwezi mchanga. Akavisukumia kwenye gazeti kimoja kimoja.

"Nimewahi kununua kisu cha mchinjaji," alisema, "lakini huyu mzee kawapita wote."

"Doyle, hapo ndipo tunapokula."

"Ngoja, kuna kingine..."

Alivuta. Kikatoka kipande chembamba, cheupe, chenye maji.

Tufaha. Bichi. Limekatwa sasa hivi.

Doyle alikunja gazeti na vyote vilivyokuwamo, akalitia jikoni motoni, akanawa mikono kwa sabuni mara mbili. Kisu alikifungia kwenye kabati la kioo.

Jioni ile alikwenda zamu. Nadine alikuwa anakaanga viazi, na Junie alikuwa kwenye kibaraza cha nyuma akiongea na mdoli wake. Anaongea, anacheka, anaongea. Kisha akanyamaza.

Wenye watoto wanajua. Kelele haiogopeshi. Kinachoogopesha ni kimya.

Halafu akasikia. Mtu anatafuna. Polepole. Mdomo wazi.

Alitoka na kijiko cha kukaangia mkononi. Junie alikuwa peke yake, amekaa chini, shavu moja limejaa. Harufu ilimpiga Nadine usoni kama kitambaa kibichi. Tumbaku. Nguruwe. Miguu.

"Unakula nini?"

"Tufaha."

"Nani kakupa?"

"Babu."

"Babu gani, Junie?"

Mtoto alimtazama kama anayeulizwa jambo la kijinga. "Babu wa kisu."

Nadine alimshika taya, akaingiza kidole, akakomba. Kilichotoka kilikuwa cha moto, kama kilichotafunwa na mtu mwingine kwanza. Nyama ya tufaha imesagika, na ndani yake unywele mgumu, na ndani yake ukucha. Wa manjano. Umepinda.

Alitapika hapohapo, juu ya maua yake ya vyunguni.

"Nataka kingine," Junie alilia. "Mama, nataka kingine."

Kwenye mbao za kibaraza, kisu kilikuwa wazi. Ubapa ulikuwa na maji. Na kule sebuleni kabati la kioo lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Doyle, maili nyingi kutoka pale, chini ya ardhi.

Alikitupa kijitoni. Kesho yake jioni kilikuwa kwenye kibaraza. Doyle alikizika nyuma ya banda la kuku, akaweka jiwe juu. Jioni kilikuwa kwenye kibaraza. Wakahamia kwa mama yake Doyle, bonde la pili. Kilikuwa kwenye kibaraza cha mama yake Doyle. Junie hakutaka tena viazi, wala maharagwe, wala mkate wa mahindi uliopakwa asali. Alifumba meno hata kwa maziwa. Jua likianza kushuka alikuwa anajikokota hadi mlango wa nyuma, anakaa, anafungua mdomo. Anangoja. Ukimzuia anapiga kelele mpaka anabadilika rangi. Daktari wa mjini alisema ni minyoo, akaandika dawa. Mbavu za mtoto zilianza kuhesabika.

Nadine alimpigia simu Bibi Oma, huko Ohio alikohamia.

"Umekikunja," ajuza alisema kabla hajaambiwa.

"Nina mtoto, Bibi. Kilikuwa wazi."

Oma akanong'ona, na Nadine akalazimika kuziba sikio la pili ili amsikie.

"Wewe ulimjua Ansel na kisu chake. Asubuhi anahasi nguruwe. Mchana anakwangua sugu za miguu. Anakifutia kwenye suruali. Jioni anamenya tufaha, anakunyooshea kipande kwenye ubapa, na usipokipokea ni matusi. Maisha yangu yote ya ndoa nilikula. Jioni ile nikamwambia, Ansel, nimeshiba kinyaa. Leo sili. Akanitazama. Mkono hakurudisha. Akafa hivyohivyo, umenyooka, kipande kingali kwenye ubapa."

Nadine alimkumbuka. Alikuwa mdogo kama Junie, kwenye chakula cha kanisa, na mzee alimnyooshea kipande, na mama yake alimfinya mgongoni: chukua, usimdharau mkubwa. Alikuwa amekiona kisu kile asubuhi ya siku hiyo, zizini kwa nguruwe. Alichukua kwa midomo. Alimeza bila kutafuna.

"Kikiwa wazi, alikuwa ametulia," Oma alisema. "Mlo haujaisha, mtu haondoki mezani. Wewe umekikunja. Umemwambia kumekwisha. Basi kainuka kutafuta mlaji."

"Nifanye nini?"

"Aliyefungua ndiye afunge. Naye hatafunga mpaka alichokata kimeliwa. Na hakukikata kwa ajili ya mtoto. Alimkatia mtu mzima, mwanamke mwenye nyumba."

"Alikukatia wewe."

"Mimi niko mbali, mwanangu," Bibi Oma alisema. "Na sina meno."

Simu ikakatika.

Jioni ile Nadine alirudi kwake peke yake. Alimwacha Junie kwa mama mkwe, mlango umefungwa kwa komeo, akilia. Hakusali sana. Alifagia kibaraza, kwa sababu kilikuwa kichafu, akaweka viti viwili, akaketi kwenye kimoja.

Milima ikawa myeusi. Kuku wakanyamaza.

Harufu ndiyo iliyofika kwanza.

Kiti cha pili kikalia, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito. Hakuona mtu. Alisikia pumzi za puani, na ganda likimenywa, mfululizo, bila kukatika. Kisha kisu kikawa mbele ya uso wake. Mfupa ulikuwa unatiririka. Juu ya ubapa kulikuwa na kipande, cheupe, na ukingoni mwake alama ya gumba, nyeusi kwa mafuta.

"Mzee Spurlock," alinong'ona. "Mwache mwanangu."

Kipande kikasogea. Kikagusa mdomo wake wa chini.

Alifungua mdomo.

Alidhani atameza bila kutafuna, kama zamani. Hakikumezeka. Kilikuwa kikubwa mdomoni kuliko kilivyokuwa kwenye ubapa. Ikabidi atafune. Utamu ulikuja kwanza, kisha chumvi ya jasho, kisha mafuta baridi yaliyoganda kwenye fizi. Kitu kigumu kilivunjika chini ya gego. Nywele zilijifunga kwenye ulimi. Machozi yalimtoka, kamasi zikamtoka, na yeye alitafuna. Alimfikiria Junie, mbavu zake. Alitafuna. Akameza. Ukucha mmoja ulikwama kooni, ukakwaruza, akaumeza tena na tena, hadi akahisi umepita.

Au karibu umepita.

*Tak.*

Safi. Kavu. Kama Doyle apendavyo.

Kiti cha pili kilikuwa kitupu, na kisu kilikuwa mapajani mwake, kimekunjwa.

Usiku ule Junie alikula sahani mbili za maharagwe, akalala kijiko kingali mkononi. Doyle alilia, jambo ambalo Nadine hakuwahi kuliona. Jumamosi alikipeleka kisu kwenye maonyesho ya wakusanyaji, akamwachia mchuuzi wa Ohio kwa bei ya kutupa. Aliporudi aliapa kwamba alikiona kwa macho yake kikiondoka, ndani ya sanduku, kwenye gari la mtu.

Mtoto akanenepa. Nadine akarudi kwenye kazi zake, maana nguo hazijifui.

Ni kile kitu kooni tu. Hakiumi. Asubuhi hakipo. Jua likianza kushuka ndipo anapokihisi, anakohoa, na mara nyingine anatoa kati ya meno unywele mmoja mgumu ambao hakuula kwenye chakula chochote cha nyumba ile. Anautupa jikoni motoni. Hamwambii Doyle.

Jana alikuwa kwenye kibaraza, amechoka, aproni imelowa maji ya vyombo, bakuli la matufaha miguuni. Alikuwa ametoka kuyaosha kwa ajili ya kupika. Junie alikuja kimya, akasimama mbele ya magoti yake.

Alifungua mdomo, akangoja.

"Nenda ukacheze," Nadine alimwambia. Sauti ilitoka nzito, yenye makohozi. Hakuipenda.

Mtoto hakusogea.

Na ndani ya mfuko wa aproni, ambamo hakukuwa na kitu ila kitambaa, Nadine akahisi kitu kizito kikilala kwenye paja lake. Chenye jasho. Polepole, bila yeye kukigusa, kikaanza kufunguka.