Korina Amsuka Zimwi

Hadithi inaanza. Anayejikuna na amalize kwanza.

Huko Ugiriki, nchi ya mawe na mbuzi, alikuwako mtoto jina lake Korina. Mwili mdogo, mdomo mkubwa.

Kaka yake, Nikia, alikuwa shujaa. Alisema mwenyewe. Kila siku.

Mlimani alikaa zimwi wa kike. Nywele zake zilikuwa nyoka. Sss, sss, sss.

Ukimtazama usoni, unakuwa jiwe. Papo hapo.

"Nakwenda kumkata kichwa," alisema Nikia.

"Nani humsuka?" aliuliza Korina.

"Zimwi hasukwi."

"Ndiyo maana ana hasira."

Nikia akachukua upanga. Akachukua ngao. Akili akaisahau nyumbani.

Hakurudi.

Asubuhi Korina akapanda mlima. Alibeba chanuo na kichupa cha mafuta.

Akamkuta Nikia mbele ya pango. Jiwe. Mdomo wazi. Njiwa amemnyea kichwani.

"Kaka, twende nyumbani."

Akamvuta mkono. Wapi!

Nani sasa atambeba Korina mgongoni kwenye kupanda na kushuka? Macho yakamwasha. Akayafuta.

Zimwi alikuwa ndani, amegeukia ukuta, anajikuna kichwa. Korina akanyata, nyata, nyata, mpaka nyuma yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Njoo mbele nikuone."

"Msusi haji mbele. Msusi hukaa nyuma. Keti chini."

Tangu azaliwe, zimwi hajaambiwa hivyo. Akaketi.

Nyoka wale, vurugu tupu. Mmoja alikuwa anatafuna mkia wake mwenyewe. Sss, sss, sss.

Korina akawapaka mafuta. Akapitisha chanuo. Akavuta.

"Unaniumiza," alisema zimwi.

"Tulia. Usigeuke."

Akavuta tena.

"Wewe mtoto, una mkono mbaya."

"Na wewe una kichwa kibaya. Tulia. Usigeuke."

Akamsuka twende kilioni, nyoka wote juu, wamebanana. Zimwi akalia. Ndo, ndo, ndo.

Machozi yakateremka mpaka nje. Yakalowesha miguu ya Nikia.

Jiwe likalainika. Kidole kikacheza. Goti likakunjika. Nikia akapiga chafya.

Ndani, nyoka walikuwa wamelala. Zimwi naye amelala. Khoo, khoo. Kichwa hakimwashi tena.

Korina akatoka mbio.

"Nimemshinda?" aliuliza Nikia.

"Umemshinda. Hebu nibebe."

Wakashuka.

"Nimtazame mara moja tu," alisema Nikia.

"Tulia. Usigeuke."

Nyumbani, mavi ya njiwa yalikuwa bado nyweleni mwa shujaa. Korina akatoa chanuo.

"Unaniumiza," alisema shujaa.

"Tulia. Usigeuke."

Shujaa akalia kidogo. Kisha akalala. Korina akalala, chanuo mkononi.

Zimwi amelala. Nyoka wamelala. Njiwa amelala.

Umebaki wewe tu. Tulia. Usigeuke.