Barua ya Rufaa ya Mwantumu

Mwantumu alikuwa anapalilia mahindi yake Kwedizinga. Mimba ilikuwa ya miezi minane. Miguu ilivimba na kichwa kilimuuma. Lakini aliyemuuma zaidi ni Yusra, mke mwenzake, aliyekaa Kilole, Korogwe mjini. Yusra alipokuwa mjamzito alipigwa picha ya tumbo mara tatu. Alikwenda hospitali kwa miguu na kurudi kabla jua halijawa kali. Mwantumu alikuwa na zahanati tu, na roho ilimchoma.

Siku ya kliniki, muuguzi Rosina alimpima, kisha akaandika barua ya rufaa.

"Mama, presha iko juu na mkojo una protini. Nenda hospitali ya Korogwe leo hii. Kule mna nyumba, utapata wa kukuhudumia."

Nyumba ya nani? Ya Yusra. Mwantumu aliificha barua chini ya godoro. Mumewe, Sufiani, akaambiwa mambo ni mazuri.

Kesho yake Rosina alipita nyumbani. Alimkuta Mwantumu amelala, ameshika kichwa.

"Mbona hujaenda?"

"Nikale ugali wa Yusra? Kila kizuri anapata yeye."

Rosina akaketi karibu naye. "Wivu wako nauelewa. Yeye ana hospitali mlangoni, wewe una mimi na kipimo cha presha. Si haki. Lakini presha hii inaleta kifafa cha mimba, na kinaua mama na mtoto. Mimi sina chumba cha upasuaji wala damu. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au tumbo likiuma kwa juu, mjamzito hasubiri."

"Ukungu nimeanza kuuona jana," Mwantumu alisema polepole.

Sufiani alikuwa mlangoni, akasikia. Hakugomba. Alikwenda kutafuta gari.

Hospitali walimpa dawa ya kuzuia kifafa, wakamfanyia upasuaji siku hiyohiyo. Daktari alimwambia Sufiani kwamba wangechelewa zaidi, wangewapoteza wote wawili.

Mwantumu alipozinduka, Yusra alikuwa kando ya kitanda, amempakata mtoto wa kike.

"Shikamoo, dada. Mtoto mzima, na sura ni yako."

Kumbe Yusra ndiye aliyempakata wa kwanza. Mwantumu aliona wivu hata kwa hilo.

"Marahaba," alisema, akanyoosha mikono. "Haya, nipe mwanangu."