Nyama ya Kisiwani

Nyumbani kwetu Butembo, kila asubuhi kabla ya kunywa chai, mimi hunusa maziwa. Hunusa pia sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyobaki jana, na mkate nikiununua dukani huugeuza nione kama una ukungu. Mama yangu, Rébecca, husema nimezaliwa na roho ya polisi. Mdogo wangu Éliakim, mwenye miaka sita, hula chochote kinachowekwa mbele yake na hushangaa kwa nini mimi nachelewa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili. Likizo kubwa ilipofika, mjomba Jephté, kaka wa mama, alitualika kwake kando ya ziwa Édouard. Mjomba ni mvuvi. Aliahidi kutupeleka kwa mtumbwi wake wa moteri hadi kwenye kisiwa kidogo kisichokaliwa na watu, tukaone viboko na ndege, tukacheze mchangani mpaka tuchoke. Kwa watoto waliozoea baridi na matope ya milimani, hiyo ilikuwa habari kubwa.

Asubuhi ya safari niliukagua mtumbwi kwanza.

"Mujomba, hii maji iko chini inatoka wapi?"

"Ni mawimbi ya jana," alijibu akicheka. "Vaa gilet yako ya kuelea, Madame Inspecteur, tuende."

Ziwani nilisahau mashaka yangu yote. Mjomba alizima moteri mbali na viboko, akatuonyesha masikio yao madogo juu ya maji. "Tubakie hapa," alisema. "Kiboko mwenye kuwa na mutoto hapana mchezo naye." Karibu na kisiwa kulikuwa na mwari wengi, wale ndege weupe wenye mfuko chini ya mdomo. Mmoja alimeza samaki mzima, na Éliakim akacheka hadi akashikwa na kwikwi. Nilifurahi sana. Nilitamani shule ichelewe kufunguliwa.

Tulipofika kisiwani, tulikimbizana kwenye mchanga huku mama akisonga bugali. Mjomba alichukua kisu na mfuko, akasema anakwenda kuangalia nyavu zake upande wa pili, nyuma ya matete.

Alirudi na mfuko mzito. Mama alichungulia ndani.

"Samaki iko wapi, kaka?"

"Leo hapana samaki. Ni nyama ya ngombe. Rafiki mumoja ameniachia."

Alisema hivyo bila kututazama. Alikuwa amejikata kidogo kidoleni, akawa anakisuuza ziwani. Mimi nilianza kujiuliza. Kisiwa hiki hakina ng'ombe, wala soko, wala mtu. Rafiki huyo alipita wapi, nasi hatukuona mtumbwi mwingine tangu asubuhi? Na kwa nini mjomba, aliyekuwa akitutania njia nzima, sasa alikuwa kimya? Nyama ilipokuwa motoni, nilimwambia mama kwamba nakwenda kujisaidia, nikafuata nyayo za mjomba.

Nyuma ya matete nilimkuta kiboko amelala ubavu. Tumbo lilikuwa limevimba na damu nyeusi ilikuwa ikitoka puani. Pajani palikuwa pamekatwa kwa kisu, lakini sikuona jeraha la mkuki wala la risasi. Huyu hakuuawa, alikufa mwenyewe. Kabla ya likizo mwalimu wetu alikuwa ametuonya kwamba mnyama aliyejifia haguswi wala haliwi, hata akionekana mnono. Sikusogea karibu. Nilikimbia.

Nilipofika, nyama ilikuwa imekwisha kuiva. Nilimnong'oneza mama.

"Kavira, nyamaza," alisema kwa sauti ya chini. "Ni kaka yangu. Utanipatisha haya."

Nilimwelewa. Kwetu chakula cha mwenyeji hakikataliwi, na mjomba si mtu wa kurushiwa maneno na mtoto. Nikakaa. Nilijiambia labda nimekosea, labda mama anajua zaidi. Mjomba akampakulia Éliakim kwanza, kwa sababu ndiye mdogo. Éliakim akashika kipande cha nyama, akakipuliza kwa sababu kilikuwa cha moto, akafungua mdomo.

Niliipiga sahani. Nyama na bugali vikamwagika mchangani, na Éliakim akaanza kulia. Mama akainua mkono anipige.

"Mama, hii hapana nyama ya ngombe," nilisema. "Ni kiboko. Amekufa mwenyewe. Nimemuona nyuma ya matete."

Mjomba alisimama. "Rébecca, unasikia? Mutoto yako ananiita muongo."

"Basi mujomba, ukule wewe wa kwanza."

Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Mjomba alichukua kipande sufuriani. Akakitazama, akamtazama Éliakim aliyekuwa akifuta machozi, akakitazama tena. Hakukila. Alikirudisha sufuriani na kukaa chini polepole.

"Nyavu yangu ni bure, hapana samaki, tangu siku tatu," alisema. "Niliona haya kukupatia bugali na chumvi, dada. Nikasema moto itaua kila kitu."

Mama alishusha mkono. Akanivuta karibu naye. Tulifukia chakula kile mbali na maji, tukanawa kwa sabuni mara mbili, tukarudi bila kula. Safari hii mjomba alielekeza mtumbwi moja kwa moja kwenye kituo cha afya.

Muuguzi, Mama Jokébed, aliuliza nani alishika nyama, akaangalia kidole cha mjomba, akawapigia simu walinzi wa mbuga ya wanyama iliyo kando ya ziwa wakamfukie mnyama yule. Mjomba, mama na Éliakim walipewa vidonge.

"Nyama kama hii inaweza kuwa na ugonjwa ya kimeta," alisema. "Batu banazani kupika kunatosha. Hapana. Hata kuigusa na kidonda, ugonjwa inaingia. Mukunywe dawa mpaka imalizike, na mukiona kitu kwa ngozi, murudi mbio."

Siku tatu baadaye kidole cha mjomba kilitoa lengelenge, kisha kidonda cheusi katikati. Mama Jokébed alimwongezea dawa, akasema kitapona kwa sababu dawa ilianzwa mapema. Na kweli kilipona, ingawa polepole.

Jioni moja kabla hatujarudi Butembo, mjomba alituita mimi na Éliakim. Akafungua bendeji.

"Muangalie vizuri," alisema. "Hii kidonda nilitaka kuiweka ndani ya tumbo ya Éliakim, sababu ya kuona haya tu. Haya ya sahani bila nyama ingeisha siku moja. Kavira, ukiona kitu kibaya, sema, hata kama mukubwa anakasirika. Na mimi mukubwa, nikiwa sina kitu, niseme sina. Uongo ya chakula inaua batu."

Éliakim aliigusa ile bendeji kwa kidole kimoja, akauficha mkono haraka mgongoni. Kisha mama akaita tukale. Kulikuwa na bugali na chumvi, na mjomba mwenyewe ndiye aliyetugawia.