Gundi ya Kucha kwa Jino la Mtoto

"Fungua mdomo!"

"Mama, inauma..."

"Nimesema fungua!"

Jamani, niliingia chumba cha kubadilishia nguo nikamkuta dada yangu amembana mwanawe katikati ya magoti. Mkono mmoja ameshika jino, wa pili ameshika gundi... ile gundi yangu ya kubandikia wateja kucha za bandia!

Mtoto ana miaka sita. Tunamwita Kasuku, maana akianza kuongea hata wageni wanaaga. Siku hiyo alikuwa kimya, damu inamchuruzika kwenye gauni la lulu.

Nikampokonya ile gundi.

"Dada, una akili timamu kweli?"

"Wanakaribia kumwita jukwaani! Atatabasamu na pengo?"

"Si ndivyo walivyo watoto wa miaka sita?"

"Wewe kazi yako kupamba, nyamaza. Hujazaa, hujui."

Neno hilo nimeshalizoea. Hata hasira sikuwa nayo, nilikuwa nimechoka tu. Mimi ni msusi na mpambaji, na haya mashindano ya urembo wa watoto yamenimaliza. Unampaka mtoto wanja, machozi yanaufuta, unapaka tena. Mama zao wanawanyima maji wasije wakatokeza kitumbo. Kitumbo cha mtoto, jamani!

Dada akatoka mbio kwenda kumbembeleza mratibu, Kasuku awekwe wa mwisho. Nikapiga magoti nikamfuta damu.

"Pole mwanangu. Kwani lilikuwa linacheza?"

"Hapana."

"Sasa limetokaje?"

Akachungulia mlangoni, kisha akaninong'oneza.

"Nimeling'oa mwenyewe, mama mdogo. Nilifunga uzi kwenye kitasa."

"Uwiii! Kwa nini?"

"Jaji alisema mwenye pengo hashindi."

"Kwani wewe hutaki kushinda?"

"Nikishinda nitaletwa tena."

Naye akaendelea, sauti ileile ya mtu anayepanga kazi zake.

"Wakiniita tena, nang'oa na hili la pembeni."

Nilipogeuka, dada alikuwa amesimama nyuma yetu. Alikuwa amesikia yote! Nikasema moyoni, afadhali, sasa atalia, atamkumbatia mwanawe, twende zetu nyumbani.

Akaufunga mlango.

"Jaji asijue," akasema. "Tutasema limetoka lenyewe. Kasuku, utatabasamu umefunga mdomo."

Wasomaji wangu, nilimvua mtoto lile gauni, nikamfunika khanga yangu, nikambeba.

"Unampeleka wapi mwanangu?"

"Kwangu. Njoo umchukue ukishakumbuka kwamba ni mwanao!"

Alipiga kelele. Sikugeuka. Nje, wasichana wengine walikuwa wamejipanga na namba zao kifuani, wamepakwa rangi mpaka huwezi kujua yupi ana miaka mitano na yupi kumi. Mmoja akatoka kwenye mstari, akanivuta sketi.

"Anti..."

"Sema, mwanangu."

"Na mimi nikiling'oa langu, utanibeba?"

Nikampapasa kichwa, nikaondoka na Kasuku. Kupamba watoto nimeacha, na dada, tangu alipokuja kumchukua Kasuku jioni ileile, hapokei simu zangu.

Nyie mnaowapeleka wenu jukwaani, sina nguvu ya kugombana na mtu. Mwulizeni mtoto kama anataka. Halafu mnyamaze, mpaka amalize kujibu.