Aliyejibu "Ipo"

Majini wengine huchagua mapango. Huyu alichagua ofisi ya serikali, tena bila barua ya ajira.

Alianza na neno moja. Mtafiti alikuwa peke yake katika chumba cha chini cha nyaraka, akisoma kumbukumbu za kiwanda cha zamani cha sarafu. Aliposoma kwa sauti, "Senti kumi za shaba, mtambo wa pili," nyuma ya rafu mtu akakohoa, akajibu, "Ipo."

Kikohozi kile na jibu lile vilikuwa vya mumewe. Waliandika pamoja historia ya sarafu hizo: mke akisoma kitabu cha kiwanda, mume akilinganisha na nakala ya hazina. Ikilingana, "Ipo." Isipolingana, "Haipo, mwenzangu," na hapo usimbembeleze, haipo ni haipo. Homa ilimchukua kazi ikiwa nusu.

Angekimbia, tungekuwa tumemaliza. Lakini moyo wa mfiwa una ujinga wake. Akasoma mstari uliofuata.

"Ipo."

Tangu hapo akawa wa kwanza kufika kazini. Chumba kikaanza kunuka shaba iliyotoka motoni, kisha harufu ikamfuata nyumbani, ikaingia kwenye mto na kwenye maji ya kunywa, hata kila alichokula kikawa na ladha ya senti, na kila alipolala akasikia mtambo ukigonga, du, du, du, upande ule wa kitanda usio na mtu, na akipapasa pale anakuta shuka lina joto. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inamponyoka kidoleni.

Wifi yake, dada wa marehemu, hakuvumilia. "Wifi, unaisha hivi hivi naona."

"Kazi nyingi tu."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Na wifi alipomfuata kule chini, kikohozi chenyewe alikisikia. Kesho yake akaja na mganga.

Mganga, mtu mfupi mwenye viatu vilivyopauka, alinusa hewa tu. "Jini huyu hajui kukataa," akanong'ona. "Ana jibu moja, lile unalolitaka. Msomee kitu kisichokuwepo."

Mtafiti akasoma. "Sarafu za mbao. Mtambo wa mia."

Mumewe angecheka mpaka miwani imdondoke. Nyuma ya rafu, taratibu, "Ipo."

Wifi akajifunika uso. "Kaka yangu tulimzika. Mwache apumzike, nakuomba."

"Sasa soma jina la mumeo," mganga akasema, "kisha ujibu mwenyewe: hayupo. Likitoka kinywani mwako, naye anatoka. Ukijibu vingine, mimi humu sirudi."

Akasoma jina. Taa ikafifia. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi; tangu msibani hakuwahi kulitamka. Akaiwaza meza yake bila kikohozi kile, na kurasa zote zilizobaki, azisome asijibiwe mpaka uzeeni. Alijua si mumewe. Alijua kabisa, na bado moyo ulimuuma kama siku ya maziko.

"Yupo," akasema.

Mganga akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga. Wifi akamvuta mkono, akambembeleza, akashindwa. Akaanza kupanda ngazi, akilia msiba wa pili.

Nyuma yake kikohozi kikasikika. Safari hii sauti haikujibu, ilisoma. Ilisoma jina la mtafiti, polepole, kama mtu anayefuata mstari kwa kidole.

"Nipo, mwenzangu," sauti ya mtafiti ikaitika.

Wifi akageuka pale pale ngazini. Kiti cha mtafiti kilikuwa kitupu, pete iko juu ya kitabu, na jibu lile lilikuwa limetokea nyuma ya rafu.