Nyumba ya Kuku Mgeni

Kila asubuhi, kabla ya kushika njia ya shule, Benedeta aliondoa jiwe mlangoni mwa banda na kuwafungulia kuku wake. Aliwamwagia mchwa aliowachimbua kwenye kichuguu, akabadilisha maji, kisha akatimua mbio, maana kengele ya shule ya Bulumbi haikumngoja mtu.

Kuku hao walikuwa jasho lake. Bibi alimpa tetea mmoja kwa kumsaidia kupalilia pamba msimu mzima. Tetea akaatamia, akatotoa, na vifaranga wakakua. Baba yake, Mangeni, alikuwa amesema waziwazi kwamba pamba ingelipa karo ya kaka yake Oguttu tu.

"Kuku wako wakilipa, utaingia darasa la sita," alimwambia. "Wasipolipa, utabaki nyumbani na mama yako."

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu Uhuru, na Benedeta hakutaka kubaki nyumbani hata kidogo.

Siku moja wakati wa kiangazi alikuja Norah, dada ya baba, ambaye watoto walimwita Senge kama ilivyo desturi ya Wasamia. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Alikuja na kuku kwapani, zawadi ya Benedeta. Jioni alisimama mlangoni mwa banda mpaka akamwona kuku wake akiingia kulala na wenzake. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Kuku wa zawadi akilazwa peke yake, aliyemleta huona kwamba yeye mwenyewe hakupokelewa.

Senge alikwisha rudi kwake kuku yule alipoanza kusinzia mchana, mabawa chini, kinyesi cha kijani. Akafa. Kisha wa Benedeta wakaanza, mmoja baada ya mwingine, shingo zimepinda. Alibaki tetea wa Bibi peke yake.

"Hii kuku yako yote imekwisha," Oguttu alimtania. "Sasa utafuga nini, nzige?"

Benedeta alilipiga tenga teke likabingirika hadi jikoni. "Nimechoka!" alilia. "Nachimba mchwa, nafagia banda, halafu nini? Halafu wanakufa!"

"Ni upepo wa kiangazi," mama yake alisema. "Upepo haukamatwi, mwanangu."

Jibu hilo lilimuudhi zaidi. Kesho yake alimsimamisha njiani Bwana Obbo, afisa wa mifugo aliyekuja kwa baiskeli kutoka Tororo.

"Huo ni ugonjwa, unaitwa kideri," Bwana Obbo alisema. "Nani aliugua kwanza?"

"Kuku wa Senge."

"Basi kuku mgeni atengwe majuma mawili au matatu. Chakula chake, maji yake. Hudumia wako kwanza, yeye baadaye, kisha unawe mikono. Akifa, mfukie mbali."

"Lakini Senge atakasirika!"

Bwana Obbo akapanda baiskeli yake. "Kwa hilo sina dawa," alisema.

Benedeta alirudi nyumbani amenuna. Kujua amejua, lakini mtoto atamkatalia vipi shangazi yake? Hata hivyo alianza upya. Tetea alipototoa tena, alijenga kibanda kidogo nyuma ya ghala, akakiezeka vizuri kwa nyasi mpya. Oguttu alicheka mpaka akachoka.

Vifaranga walipokuwa wakubwa, Senge alirudi. Alikuwa amesikia habari za msiba, akaleta jogoo mwekundu wa kumfariji. Jioni alisimama pale pale, akingoja. Benedeta akamsogelea.

"Senge, ukija kwetu, unalala jikoni na sisi watoto?"

"Nilale jikoni? Mimi nina nyumba yangu ya wageni!"

"Na jogoo wako ana yake." Akamwonyesha kibanda.

Senge alikitazama, uso ukabadilika. "Unamtenga jogoo wangu? Mangeni, mtoto wako ananifukuza!"

Mama alimkazia Benedeta macho anyamaze. Hakunyamaza. "Sikufukuzi, Senge. Kuku uliyeleta mara ile alikuwa na ugonjwa, akawaua wangu. Hukujua, nami sikujua. Wakifa tena, sitasoma."

Mwishowe Mangeni alisema, "Mwache alale huko."

Senge alikula chakula cha jioni amenuna. Lakini alikaa siku kadhaa, na kabla hajaondoka alimkuta jogoo wake amejikunyata kibandani, mabawa chini, kinyesi cha kijani. Jogoo alipokufa, Senge mwenyewe alishika jembe akamfukia mbali. Kuku wa Benedeta hawakuugua hata mmoja.

Senge alinawa mikono, akamwita Benedeta mbele ya wote. "Mwanangu, nilikuletea kifo mara mbili, na zote kwa upendo," alisema. "Zawadi ipokewe kwa mikono miwili, lakini kuku mgeni akae peke yake kwanza. Na ukijua jambo la kweli, liseme kwa heshima, hata kama mkubwa atanuna. Mimi nilinuna, lakini kuku wako wako hai."

Mwaka uliofuata, Benedeta aliuza mayai na majogoo sokoni Busia, akaingia darasa la sita. Senge alikuja tena, kuku kwapani. Kabla hata ya kusalimiwa, aliuliza, "Nyumba ya mgeni wangu imefagiliwa?"