Mstari Baada ya Mwisho

Rafiki yangu Stella, wa Machame, si mtu wa kuzua mambo. Mwaka 1999 aligombana na kaka yake, Fabian, na Fabian akamletea jani la isale kuomba radhi, kama desturi yetu ilivyo. Stella akalitupa nyuma ya kabati. Wiki haikuisha, tukamzika Fabian migombani.

Matanga yalipoanuliwa, Stella aliketi kwenye kompyuta ya marehemu ili amalizie programu ambayo kaka yake alikuwa akiwaandikia wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kompaila, inayosoma maandishi ya programu na kutaja mstari uliokosewa, ikasema kosa liko mstari wa 201. Akatazama. Faili liliishia mstari wa 200.

Umeme ukakatika. Mvua ilipiga migomba, na kwenye giza lile vitufe vikaanza kubonyezwa polepole, kidole kimoja kimoja, kama alivyozoea Fabian.

“Kaka, nimekusamehe!” Stella akalia. “Basi, pumzika!”

Vitufe viliendelea mpaka umeme uliporudi.

Akaiwasha kompyuta, akajaribu tena. Faili bado liliishia mstari wa 200. Kosa sasa lilikuwa mstari wa 240.